Usitafute uwanja wa pikoboli Dodoma, tafuta sakafu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 51, ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na wizara yangu na sasa naishi Kisasa. Zamani nilicheza netiboli ya wizara, namba yangu WD, yaani mlinzi wa pembeni, mpaka goti la kulia likanikatalia. Mdogo wangu aliye Marekani ameniletea vibao viwili na mipira mitatu ya pikoboli (pickleball), ile yenye matundu, akasema huu ndio mchezo wa umri wetu. Nikitafuta viwanja kwenye simu naletewa vya huko huko Marekani. Hapa Dodoma nitacheza wapi, na nianze vipi kujifunza? Mume wangu anacheka tu, anasema ni tenisi ya meza ya watu waliokosa meza.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mumeo amekaribia ukweli kuliko mwenyewe anavyodhani, kwa hiyo nianze na yeye.

Mwaka 1965, majira yao ya joto, Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi kutoka kucheza gofu wakakuta familia zimekaa tu, hazina la kufanya. Hapo ni kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka Seattle. Nyumbani palikuwa na kiwanja cha zamani cha mpira wa vinyoya (badminton), ila vifaa vyake havikutimia. Wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kurushiana juu ya wavu. Wavu mwanzoni ulikuwa juu, kimo cha mpira wa vinyoya. Walipoona mpira unadunda vizuri kwenye lami, wakaushusha hadi sentimita 91 hivi. Jirani yao Barney McCallum akajiunga, akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi. Jina lenyewe, kwa maelezo ya Joan, mke wa Pritchard, lilitoka kwenye mashindano ya boti za makasia: "pickle boat" ni boti la wale waliobaki baada ya wenzao kuchaguliwa. Wako wanaoapa kwamba lilikuwa jina la mbwa. Waache wabishane.

Unaona basi: mchezo ulizaliwa kwenye uwanja wa mchezo mwingine, kwa vifaa vya kuokoteza, na hata vipimo vya uwanja vimebaki vile vya mpira wa vinyoya wa wawili wawili. Ndiyo maana ukiniuliza uwanja wa pikoboli Dodoma uko wapi, nami nakuuliza: sakafu ngumu iliyo karibu na wewe iko wapi? Simu hutafuta mahali penye jina hilo mlangoni. Utakapochezea wewe pana jina jingine, na pengine hapana jina kabisa.

Shika vipimo hivi. Uwanja wa pikoboli una urefu wa mita 13.41 na upana wa mita 6.10. Ukiongeza nafasi ya kukimbilia nyuma na pembeni, unahitaji kama mita 18.3 kwa 9.1. Sasa uwanja wa mpira wa wavu una mita 18 kwa 9. Umeelewa nilipolenga? Ule wa netiboli, ambao wewe umeutembea miaka, una mita 30.5 kwa 15.25, unaumeza wa pikoboli na nafasi inabaki. Wa tenisi ndio wa kifalme: mita 23.77 kwa 10.97, sakafu nzuri, na mara nyingi una uzio, kwa hiyo hutumii asubuhi nzima kukimbiza mpira hadi barabarani.

Lakini si kila uwanja wa wavu au netiboli unafaa, na hapa Dodoma ndipo penye kazi. Viwanja vyetu vingi ni vya udongo. Mpira wa plastiki ukianguka kwenye vumbi haudundi, unakaa. Nyasi ni vivyo hivyo. Maegesho ya pevingi yanavutia macho, na mji huu umejaa pevingi, lakini kila kiungo kinautupa mpira upande wake. Utalaumu kibao bure. Unachotaka ni zege lililosawazishwa au lami laini. Tembea na mpira mmoja kwenye mkoba. Uinue mkono mpaka kama mita mbili kutoka chini, uachie mpira bila kuusukuma. Kwenye sakafu ngumu kweli, mpira wa kanuni hurudi juu sentimita 76 hadi 86, yaani sehemu za juu za paja lako. Ukiishia gotini, aga uende.

Wapi pa kupeleka huo mkoba? Ningekuwa wewe ningeanza na vyuo, maana Dodoma ni mji wa vyuo: UDOM, St John's, CBE, Mipango. Usimuulize mtu "mna pikoboli?" Utajibiwa hapana, na mazungumzo yameisha. Uliza kama pana sakafu ya zege yenye mistari, ya netiboli, kikapu au wavu, na kama Jumamosi asubuhi huwa tupu. Anayejua jibu mara nyingi si ofisi, ni mlinzi. Kisha ndipo uende kwa afisa michezo au mshauri wa wanafunzi na ombi lililokwisha kuiva. Baada ya vyuo, shule za sekondari zenye uwanja wa zege, halafu hoteli zenye tenisi, halafu kumbi. Ukumbi wowote wenye mistari ya mpira wa vinyoya ni uwanja wako tayari, kasoro mstari mmoja tu, nitakuambia. Afisa michezo wa jiji naye mpitie. Kazi yake ni kujua nani anacheza nini na wapi.

Na wewe una mtaji ambao mgeni mwingine wa mji huu hana. Umecheza netiboli ya wizara, kwa hiyo unawajua watu wa SHIMIWI, shirikisho la michezo ya watumishi wa wizara na mikoa. Hao hufanya mazoezi mahali fulani, wana funguo, wana wavu, na wana marafiki wenye umri wako na magoti ya umri wako. Siku ya bonanza peleka vibao viwili, chora mistari kwenye kona, anza kucheza na yeyote. Kabla ya saa tatu utakuwa na foleni.

Omba ruhusa kabla ya kuchora. Mimi niliwahi kuingia kwenye uwanja wa shule moja siku ya Jumapili nikapiga rangi mistari yangu safi kabisa, nikidhani nafanya hisani. Jumatatu mwalimu mkuu aliniita, akanikabidhi brashi ya waya na ndoo. Rangi ya mafuta kwenye zege haitoki kwa urahisi, nakuambia. Tangu hapo natumia chaki, au ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi ambayo inabanduka bila kuacha alama.

Kuchora kunahitaji watu wawili, kamba na futi ya fundi ya mita 20. Weka alama ya mstari wa wavu kwanza. Kutoka hapo pima mita 6.70 kwenda kila upande: hiyo ni mistari ya nyuma. Upana mita 6.10. Ili pembe zisipinde, pima kutoka kona hadi kona ya mbali: iwe mita 14.73, na kamba ya pili ya kukatisha isome hivyo hivyo. Zikitofautiana uwanja wako umelala ubavu. Kisha, mita 2.13 kutoka kwenye wavu, kila upande, vuta mstari wa kukata uwanja kwa upana. Kuanzia hapo hadi nyuma, gawa katikati kwa mstari mmoja, upate vyumba viwili vya kupokelea sevisi, yaani mpira wa kuanzisha. Basi.

Ule mstari wa mita 2.13 ndio unaowaponza wanaotumia uwanja wa mpira wa vinyoya. Mstari wa mbele wa mpira wa vinyoya uko mita 1.98 kutoka kwenye wavu. Tofauti ni sentimita 15, unaweza kuipuuza, mimi niliipuuza kwa miezi, hadi nilipocheza kwenye uwanja wa kanuni nikawa nakanyaga mstari kila baada ya mipira miwili. Mguu ulikuwa umezoea uongo. Bandika tepu mahali pake tangu siku ya kwanza.

Wavu uwe sentimita 91 kwenye nguzo na 86 katikati. Wa mpira wa vinyoya unafaa sana ukishushwa. Wa tenisi uko juu kidogo, 91 katikati na 107 kwenye nguzo. Kwa kujifunza haudhuru. Wa mpira wa wavu una kina cha mita moja, kwa hiyo ukunje. Ukikosa vyote, kamba iliyotundikwa kanga inatosha, na ina faida moja: hakuna ubishi kama mpira umepita juu au chini.

Sasa upepo. Mpira wako una uzito wa gramu 22 hadi 26. Ule wa tenisi una zaidi ya 56. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa Dodoma unapoamka, mpira wa pikoboli unageuka kishada. Cheza mapema, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili na nusu hivi, kabla upepo haujashika kasi na zege halijaanza kuchoma. Jioni kuanzia saa kumi na moja inawezekana, kama pana ukuta au jengo upande upepo unakotoka. Ukipata nafasi ya kuchagua, uelekeze uwanja kaskazini na kusini, jua la asubuhi lisimpige mmoja wenu usoni. Na uende na ufagio. Vumbi jembamba juu ya zege ni sabuni, na mbigili zinazokuja na viatu vya watoto wa mtaa utazijua ukianguka kwa kiganja.

Hesabu matundu ya mipira uliyoletewa. Yakiwa 40, madogo madogo, ni ya nje. Yakiwa 26, makubwa, ni ya ndani, na upepo utaicheza kabla yako. Vibao viwili vinawatosha wawili, ila raha ya mchezo huu, na nafuu ya goti lako, iko kwenye wanne. Peleka kimoja kwa fundi seremala, akichore juu ya plaiwudi, akate viwili, apige msasa kingo. Mpini uzungushiwe ule mpira mweusi wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Vitakuwa vizito kidogo, lakini McCallum alianza navyo. Viatu: raba zenye soli bapa. Zile za kukimbilia, zenye kisigino kilichoinuka, zinapindisha kifundo unapokwenda pembeni.

Tuingie uwanjani. Mchezo una sheria nyingi kama michezo yote, lakini tatu ndizo zinazoufanya uwe pikoboli na si tenisi ndogo.

Ya kwanza ni sevisi. Unasimama nyuma ya mstari wa mwisho, unapiga kutoka chini kwenda juu, chini ya kiuno, mpira uende mshazari kwenye chumba cha mpinzani aliye upande wa pili. Una nafasi moja tu. Mpira ukigusa wavu ukaingia mahali pake, mchezo unaendelea. Kuna njia ya pili ambayo nakushauri uitumie: uachie mpira udunde kwanza, kisha uupige. Hapo habari za kiuno na mkono hazikuhusu tena. Hakuna anayeshinda pikoboli kwa sevisi, kwa hiyo usijisumbue, ingiza tu.

Ya pili ni midundo miwili. Anayepokea sevisi lazima auache udunde. Na ninyi mlioanzisha, ukirudi kwenu, lazima nanyi muuache udunde. Baada ya hapo kila mtu yuko huru kuupiga hewani. Sheria hii inawanyima walioanzisha nafasi ya kukimbilia mbele na kumaliza kazi. Matokeo yake ni haya, na wanaoanza huchelewa kuyaona: anayepokea ndiye mwenye faida. Rudisha mpira mrefu, nyuma kabisa kwao, halafu tembea mbele usimame kwenye mstari wa mita 2.13. Wao bado wamebanwa nyuma. Mkiwa mnaanzisha ninyi, baki nyuma na mwenzako hadi mpira wa tatu upigwe. Mtu akipiga sevisi kisha akajikuta mbele, ujue amezoea tenisi.

Ya tatu ni jiko. Ndivyo wachezaji wanavyoliita lile eneo la mita 2.13 mbele ya wavu, na mimi nalitafsiri hivyo hivyo. Ukiwa jikoni huruhusiwi kuupiga mpira hewani. Mstari wake nao ni jiko. Ukiupiga hewani ukiwa nje, halafu kasi ikakuingiza ndani, kosa ni lako, hata kama mpira umeshakufa. Kofia yako ikidondokea jikoni kwa ule mpigo, kosa. Lakini mpira ukidunda jikoni, ingia, upige, toka. Kuingia si kosa. Wengi wanaliogopa jiko kama lina nyoka. Na sevisi haitui jikoni wala kwenye mstari wake, ilhali mistari mingine yote ni ndani.

Wewe sheria hii itakuwa nyepesi kwako. Ulikuwa WD: duara la magoli ulilichungulia maisha yako yote bila kuliingia, na ukidaka mpira ulijua mguu gani umetua kwanza. Kuna vijana wa tenisi nimewafundisha wiki tatu wakakosa kitu hicho ulichonacho, mguu unaojua mstari ulipo bila jicho kuangalia chini.

Hesabu ya pointi ndiyo inayowakatisha watu tamaa, na nakiri ni ngeni. Mnacheza hadi 11, na lazima mzidi kwa mbili. Anayepata pointi ni upande unaoanzisha tu. Kabla ya kila sevisi unataja namba tatu: pointi zetu, pointi zao, na mimi ni mpigaji wa kwanza au wa pili wa upande wetu. "Nne, mbili, moja" maana yake tuna nne, wana mbili, na mimi ni wa kwanza. Nikipoteza, mwenzangu ataanzisha kabla mpira haujahama. Nikishinda, tunabadilishana upande na mwenzangu, naanzisha tena. Mwanzo kabisa wa mchezo mnasema "sifuri, sifuri, mbili", kwa sababu upande wa kwanza hupewa mpigaji mmoja tu, ili usiondoke na faida. Yule aliyeanza mchezo upande wa kulia afunge kitambaa mkononi. Pointi zenu zikiwa shufwa, yeye awe kulia. Zikiwa witiri, kushoto. Mkikuta sivyo, kuna mtu amelala.

Kujifunza, usianze na mechi. Asubuhi ya kwanza simameni wawili, kila mmoja nyuma ya mstari wa jiko lake, mkitumiana mpira laini unaopita juu kidogo ya wavu na kutua jikoni kwa mwenzako. Mpigo huu wanauita dinki. Mimi nauita kudokoa, kwa kuwa ndivyo ulivyo: mkono mfupi, bila kelele, kama mtoto anayechota nyama sufuriani mama akiwa kageuka. Kibao usikirudishe nyuma, kiwe mbele yako, bega ndilo linasukuma. Mkifika 20 bila kukosa, hameni mshazari. Siku ya pili ongezeni sevisi na kurudisha. Mechi ije siku ya tatu au ya nne. Nasisitiza hili kwa sababu wanaoanza na mechi hujifunza kupiga kwa nguvu, na nguvu inawashinda wanaoanza wenzao kwa mwezi mmoja, kisha wanakutana na mama mmoja mpole anayedokoa, wanapotea.

Kuhusu goti: daktari wako aseme kwanza. Kwa wanne unalinda kama mita tatu tu za upana, hatua mbili kila upande. Hatari kubwa uwanjani ni kurudi kinyumenyume kuufuata mpira uliopita juu ya kichwa. Watu wa umri wetu huangukia mkono hapo. Geuka, kimbia ukiangalia uelekeo, au sema "wako!" umwachie mwenzako. Ukishindwa vyote, acha pointi iende.

Sasa mumeo. Usibishane naye nyumbani. Mwalike Jumamosi, mpe kibao kizuri cha Marekani, wewe shika cha fundi. Atapiga kwa nguvu, mwache, mipira mingi itatoka nje yenyewe. Halafu mdokolee jikoni, kushoto, kulia, kushoto. Ataingia kuufuata mmoja, atasahau kutoka, na unaofuata ataupiga hewani akiwa katikati ya jiko. Hapo mwambie taratibu kuwa amekosea, na umweleze yuko wapi.